Usiniambie Wiki Ijayo

Bugembe, Alhamisi, baada ya Alasiri

Mwanangu Kaltuma, mama yangu mdogo,

Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kwa sababu ndani hakukaliki. Mama yako amelifungua begi lako, amelifunga, amelifungua tena. Nimemwambia zipu itakatika, akanijibu kwamba nitakatika mimi kwanza. Basi nimechukua karatasi zangu nikatoka. Wewe uko Mbale kumuaga bibi yako mzaa mama, na umesema taksi itakufikisha hapa kabla ya Isha. Kesho alfajiri gari linakuchukua kwenda Entebbe, kisha ndege, kisha Praha. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa lile koti zito la mtumba, uisome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Usitafute humu habari za sweta, chaja na dawa ya kichwa. Hayo mama yako ameyasema mpaka majirani wameyahifadhi. Mimi nina jambo moja, na tangu juzi nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jambo lenyewe ni hili: unakwenda matembezi ya siku tano, na mimi baba yako sijui kama utarudi. Nimeshalisema. Sasa nipe nafasi nihangaike nalo kidogo.

Unakumbuka nilivyokucheka. Mwaka mzima ramani ya Praha imebandikwa ukutani chumbani kwako, utadhani ramani za mashamba ya watu unazochora kule ofisini kwa wapima ardhi hazikutoshi. Ukawa unanipangia safari mezani, vikombe vikiwa majumba na kijiko kikiwa mto: siku ya kwanza daraja la mawe, ya pili kasri la mlimani, ya tatu ile saa kubwa ambayo sanamu zake hupita dirishani kila ikigonga. Nikasema, "Mtu na akili zake anapanda ndege kwenda kutazama saa? Saa si ile pale ukutani?" Ukasema, "Baba, ile yako imesimama tangu Ramadhani." Mama yako alicheka mpaka akamwaga chai, na wallahi mpaka leo hajaacha kunitania nayo.

Lakini sikuwa nafanya mzaha tu. Nilikuwa sielewi. Kwetu mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa biashara, au kwa Hija Mungu akimjalia. Kusafiri ili uone tu, halafu urudi, hilo tuliwaachia Wazungu. Wao huja hapa Jinja kutazama maji yanavyotoka ziwani yakawa Nile, wanajitupa mtoni na maboti ya mpira, wanapiga makelele, wanarudi kwao. Wewe ulipokuwa mdogo ulinililia kila Idi nikupeleke ukaone. Kila Idi nilikujibu, "Maji ni maji." Mtu angeweza kwenda kwa baiskeli akarudi kabla chakula hakijapoa, na mimi nina duka zima la spea za baiskeli! Ukang'oa meno, ukaota mengine, ukamaliza shule, mtoto wa Jinja hujaona chanzo cha Nile.

Mwezi uliopita ndipo ukanikatia tiketi wewe. Ukanipakia kwenye mtumbwi wa injini, nimevalishwa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, kidevu kimezama ndani. Nilinuna njia nzima. Tulipofika pale maji yanapochemka kutoka chini, nikaegemea ukingo wa mtumbwi nikitazama. Ukaniuliza, "Baba, umechoka?" Nikasema jua kali. Haikuwa jua, mama. Nilikuwa naona haya kwamba kitu kama kile nilikunyima miaka yote ile kwa uvivu wa kuinuka kitini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anaweza kwenda mbali ili atazame tu. Kwa hiyo ukifika kwenye daraja lako, tazama. Simu iache mfukoni kwanza. Simama mpaka miguu ikuume.

Nimeinuka kidogo. Nilidhani nimesikia taksi. Ni jirani anashusha magunia ya mkaa.

Tuliishia wapi? Daraja. Wengine wanafikiri Praha umeitoa kwenye mtandao, ila mimi najua ulikoitoa. Bibi yako, Kaltuma mkubwa, alikuwa na kopo la biskuti analotilia nyuzi na sindano, na juu ya kifuniko palichorwa daraja la mawe lenye sanamu huku na huku, na ngome juu ya kilima. Ulikuwa unakaa nalo chini pale mkekani na kuuliza, "Bibi, hapa ni wapi?" Bibi anasema, "Muulize baba yako, yeye ndiye aliyesoma." Nami nasema, "Ulaya." Ukiuliza Ulaya gani, nakuambia nenda kacheze. Kumbe hukuacha kuuliza, uliacha kuniuliza mimi tu.

Basi. Mpaka hapo mimi niliridhika, nikaanza hata kujigamba dukani. Mteja anakuja kununua cheni, namwambia binti yangu anakwenda Praha. Anauliza, "Kyeyo, afande?" Unajua wanavyoniita, sijavaa gwanda hata siku moja, lakini nimezaliwa kambi ya jeshi na hapa Kiswahili ni lugha ya askari, nikifungua mdomo kila mtu ananiona afande. Nasema, "Si kyeyo. Haendi kufagia kwa mtu wala kuogesha wazee wa Kizungu. Anakwenda kutembea." Wananitazama hivi, wanatabasamu, wanasema, "Ee, tunaelewa." Wanaelewa nini? Mmoja alinikonyeza kabisa! Nilitaka kumrudishia pesa yake achukue cheni yake aondoke.

Halafu ikaja ile dua ya juzi. Mimi nilisema tualike watu wachache, sheikh asome, tunywe kahawa ya tangawizi, kwisha. Mama yako na shangazi yako Zubeda wakapika mikate ya kisra ya kulisha kikosi. Nikakaa pale nikisikiliza watu wakikuombea, na kila dua ilikuwa ya mtu anayehama. Mungu akufungulie milango huko. Mungu akupe mume mwema huko. Usitusahau huko. Nikamnong'oneza mama yako, "Hivi wanajua anarudi Jumatano?" Akasema, "Nyamaza, watu wanaomba." Mama, ubalozini Mzungu alikuuliza utarudi, ukamjibu utarudi, ukampa na barua ya kazi. Watu wako mwenyewe hakuna aliyekuuliza. Kila mtu ameshaamua.

Na shangazi yako ndiye mkuu wao. Nilikuwa nyuma ya pazia natafuta sukari. Nikamsikia anakuambia, "Ukishafika tu, panda basi uende Ujerumani kwa mtoto wa jirani yetu Sauda, atakupokea. Mwanangu, nani anafika Ulaya akarudi Bugembe kuchora mashamba ya watu?" Nikasubiri ujibu. Ukacheka. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ukacheka tu, ukauliza kama kahawa imebaki. Kicheko hicho nimelala nacho, nimeamka nacho, nimekwenda nacho dukani.

Bado ningejituliza. Lakini unajua desturi yetu: mtu akienda ng'ambo, vitu anavyoacha hugawiwa ndugu kwenye dua yake, ili wamkumbuke na yeye asiwe na kinachomvuta nyuma. Hiyo ni desturi ya mtu anayekwenda kuishi! Shangazi yako akaianzisha kama mchezo. "Kaltuma, viatu vile vyeupe?" Ukasema chukua. "Na ile meza?" Chukua. Watu wanacheka, wanapiga vigelegele. Kisha Rukia, binti wa Zubeda, akasema kwa haya zake, "Dada, na kitanda?" Nikakutazama. Ukasema, "Chukua tu."

Kitanda! Mtu anayerudi Jumatano atalala wapi Jumatano?

Jana wakaja na pikapu wakakipeleka Budondo kwa Rukia. Jana usiku nikatoka kunywa maji nikakukuta umelala mkekani sebuleni pembeni ya mama yako, kama mgeni aliyekosa usafiri. Nilisimama pale. Nilitaka kukuamsha nikuulize. Nikashindwa, nikarudi kulala, yaani kujigeuza.

Sasa nikuambie kitu kuhusu kile kitanda, kwa sababu wewe unakijua kama chuma kizee kinacholia ukigeuka. Nusu ya hadithi hii unayo. Unajua niliishi Mbale miaka tisa, na wewe ulizaliwa huko. Usichojua ni kwamba nilikwenda Mbale kwa siku tatu.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu. Nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa. Niliondoka na shati moja la akiba, na mama yangu alinipa andazi la njiani. Mbale ikanipendeza. Asubuhi unatoka nje unakuta mlima Elgon umekaa pale pale, na hewa yake si hii yetu ya jasho. Mjomba wangu alikuwa na duka la spea, akasema nimsaidie wiki moja. Nikamtumia mama salamu kwa dereva: nakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, nikatuma nyingine. Sikuwa namdanganya, Kaltuma. Kila nilipolisema niliamini. Ndiyo ubaya wake. Halafu nikamwona mama yako akichuuza vitambaa sokoni, anabishana na mteja mpaka mteja akaomba radhi, basi nikawa sina haraka tena. Nikaoa. Salamu zikaendelea: wiki ijayo, tukimaliza mavuno, baada ya Idi. Hata siku moja sikumwambia mama yangu, "Mama, nimehamia huku." Niliona nikilisema nitamuumiza. Kumbe kulinyamazia ndiko kulikomuumiza, kila wiki upya.

Nilirudi baada ya mjomba kufa na duka kufungwa. Nilikuja na mama yako, na wewe umebebwa mgongoni umelala. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima kutoka Mbale nilikuwa nayapangia majibu. Mama yangu alitoka mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kile kitanda hakitawatosha watu watatu." Hilo tu. Akaingia kuweka maji ya chai.

Ni Zubeda aliyenieleza baadaye. Kile kitanda cha chuma marehemu babu yako alitoka nacho kambini, na ndicho nilichokilalia tangu utoto. Kumbe kila Alhamisi mama alikuwa anafua shuka lake na kukitandika upya, eti Ijumaa huenda nikaingia. Miaka tisa! Wageni walilala mkekani. Zubeda mwenyewe, akiwa na mimba kubwa, aliomba akilalie usiku mmoja, mama akamwambia, "Mwenyewe yuko njiani." Zubeda hajalisahau, na mimi nadhani ndiyo maana juzi alifurahi vile kilipogawiwa. Simlaumu sana.

Mama alipokuona wewe na jina lake, akakupa kitanda hicho. Mimi sikukuambia habari zake. Ningekuambiaje? Ningeanza wapi? Ukakua unazilalamikia spring zake, nami nakuambia nitanunua kipya, wiki ijayo.

Sasa hivi mama yako amechungulia anauliza naandika nini kirefu hivyo, au ni wosia. Nimemwambia aende akafunge begi. Amesema limefungwa. Nimesikia zipu.

Leo asubuhi, taksi yako ilipoondoka kwenda Mbale, sikufungua duka. Nilichukua boda nikaenda Budondo. Rukia alikuwa anaanika mihogo. Kuniona tu akafuta mikono, "Mjomba, karibu, kuna msiba?" Nikasema hakuna msiba, nimekuja kuchukua kitanda. Alidhani natania. Nikaingia ndani mwenyewe, mtu mzima na kofia yangu kichwani, nikakuta ameshatandika shuka la maua. Nilitamani ardhi inimeze. Hata hivyo nikaanza kufungua bolti.

"Mjomba, kwani Kaltuma si anahama?"

"Anakwenda matembezi. Jumatano yuko nyumbani."

"Kila mtu anasema hivyo, mjomba." Hakusema kwa ubaya. Akachutama, akanishikia upande wa pili wa chuma usinidondokee. "Na asiporudi? Kitanda kitamvuta?"

Nikasema, "Hakitamvuta. Nipe spana."

Godoro nimemwachia, lako nimenunua jingine, na nimemwahidi kitanda kipya, cha mbao. Kabla hujaniuliza: si wiki ijayo. Nilipita kwa seremala wakati wa kurudi, ameshaanza kuranda. Kijana wa boda alikifunga kile chuma kwa mipira, mimi nikakaa nyuma nimekumbatia kichwa cha kitanda, na kila shimo likatufanya tulie pamoja, mimi na spring. "Afande," akaniambia, "hiki kitanda kitatuua." Bugembe nzima imeniona. Shangazi yako ameshapiga simu, anasema nimemvunjia heshima, zawadi hairudishwi. Ana haki. Nimemwachia aseme mpaka salio lake likaisha.

Sasa sikiliza, maana giza linaanza kunizibia mistari. Sikukirudisha kitanda ili nikufunge nacho. Rukia aliniuliza vizuri na nilimjibu kweli. Mimi sikurudishwa na kitanda, na kilikuwa kimetandikwa miaka yote ile. Huenda huko utaona kitu, kazi, mtu, barabara fulani tu yenye hewa unayoipenda, ukasema hapa ndipo. Mimi ni nani wa kukukataza? Nilifanya hivyo hivyo kwa sababu ya mlima na mwanamke mgomvi. Nitaumia, hilo sikufichi. Nataka urudi. Nataka Jumatano nikuone unaingia na begi lako unalalamikia foleni ya msitu wa Mabira, unionyeshe picha za saa yako hadi nisinzie. Nataka hivyo kuliko kitu chochote, na sijui kwa nini nimeweza kuliandika na sikuweza kulisema.

Lakini ukibaki, niambie. Piga simu wewe mwenyewe, usimtume shangazi yako, usimtume mtoto wa Sauda. Sema, "Baba, nimebaki." Nitakata simu, nitazunguka nyumba, nitagombana na mama yako bila sababu, halafu nitakupigia. Na kitanda nitakipeleka Budondo kwa mkono wangu, nimwombe Rukia radhi mara ya pili. Hilo naliweza. Ila usinicheke kama ulivyomcheka shangazi yako kwenye kahawa. Usiniambie wiki ijayo. Mimi lile neno nalijua, nimelitumia kwa mtu aliyekuwa akilisadiki.

Taksi imesimama barabarani. Safari hii ni wewe, nasikia unabishana na kondakta juu ya chenji, sauti ni ya mama yako kabisa.

Utaingia chumbani utakikuta kimesimama mahali pake. Utaniuliza, nami nitakuambia nilikuwa napita tu Budondo. Utacheka, utalala, kitalia ukigeuka, nami upande wa pili wa ukuta nitakuwa nasikia. Ukiisoma hii utakuwa umeshajua. Shuka nimelifua mwenyewe mchana huu. Leo ni Alhamisi.

Baba yako